Mlima Meru ulilipuka au ulibomoka? Tuliokulia chini yake tuambizane

#1 MpandaMilima_AR
Wakuu, salaam.

Mimi ni muongoza wageni, huu ni mwaka wa tisa napandisha watu Meru kupitia geti la Momella. Kila tukifika Miriakamba, mita 2,514, mgeni anavua begi, anainua macho, anauona ule ukuta wa mwamba na kasoko iliyo wazi upande wa mashariki kama bakuli lililomegwa ubavu. Swali ni lile lile: "Upande huu ulienda wapi?" Jibu nililofundishwa na walionitangulia ni kwamba zamani Meru ulikuwa mrefu kuliko Kilimanjaro, ukalipuka, nusu yake ikarushwa angani. Nimelitoa jibu hilo miaka yote.

Wiki iliyopita nilikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu wa jiolojia. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwa upole kwamba mlima haukurushwa juu, uliporomoka kwa ubavu, na vile vilima tulivyovipita asubuhi tukitoka getini ni vipande vyake. Nilishuka siku ya tatu navitazama vile vilima kama mgeni.

Naomba wenye elimu wanisaidie. Ulilipuka au ulibomoka? Na huo urefu wa kuuzidi Kilimanjaro una ushahidi wowote?

#2 KiboHalisi
Hilo la urefu mmelitunga ninyi wa Arusha ili wageni wasije huku Moshi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 5,895, Meru ni 4,566. Mengine ni maneno ya jikoni.

#3 Nauliza_tu
Samahani wakuu, kwani Meru ni volkano? Mimi najua ya kwetu ni Ol Doinyo Lengai tu.

#4 Mwl_Kasoko
@Nauliza_tu ni volkano kamili, tena ya aina ile ile ya Kilimanjaro: volkano ya matabaka. Maana yake, mlima haukuinuka mara moja. Lava ilitiririka ikaganda, juu yake yakaanguka majivu na mawe, ikaja lava nyingine, yakaja majivu mengine, hivyo hivyo kwa malaki ya miaka. Ukitaka kuyaona matabaka hayo kwa macho, simama Miriakamba saa tatu asubuhi jua likiupiga ule ukuta. Mistari ile ya kijivu, kahawia na nyeusi ni kurasa.

Sasa @MpandaMilima_AR, yule mama yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Kama miaka 7,800 iliyopita, kwa makadirio yanayotajwa sana, ubavu wa mashariki wa Meru ulimeguka ukateremka. Mawe, udongo na matope vilikwenda mbali mno, vikafika mpaka miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro. Mlima uliorushwa angani huacha majivu na mawe yaliyotapakaa pande zote. Meru umeacha kifusi upande mmoja. Kilele unachopigia picha leo ni kipande cha ukingo wa magharibi kilichosalia.

Baada ya hapo volkano haikufa. Ndani ya lile pengo ikajenga koni mpya, hiyo mnayoita Ash Cone, mita 3,667.

Kuhusu urefu, ni hakika kwamba ulikuwa mrefu kuliko sasa. Kwamba uliuzidi Kibo, mimi sijaona ushahidi wa kunitosheleza.

#5 MchongaMawe
Mimi shule niliishia la saba, ila naomba niseme ninachokiona kazini.

Navunja kokoto na kuchimba moramu kwenye kilima kimoja upande wa Ngarenanyuki. Kwa nje kilima ni nyasi na udongo kama vilima vingine. Ukifungua kwa sururu unakuta mwamba wa kijivu, mkubwa kama chumba, mzima kabisa kwa kuutazama. Lakini ukigonga mtarimbo sehemu moja, unamwagika wote. Unakuta ulishapasukapasuka zamani, nyufa kila upande, ila vipande havikuachana. Kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe kikabaki kwenye fremu. Siku moja nilichukua vipande vinne nikavirudisha pamoja, vikakaa sawasawa, hata unga wa kisu usingepita. Pembeni ya mwamba huo, hatua mbili tu, kuna udongo mwekundu, halafu mwamba mwingine mweusi usiofanana nao hata kidogo.

Miaka yote najiuliza nani aliyavunja mawe haya kabla yangu.

#6 Mwl_Kasoko
@MchongaMawe, ndugu yangu, umeandika ushahidi mzuri kuliko wangu. Nyufa hizo ndizo alama ya mlima ulioporomoka. Bonge la mwamba linasafiri ndani ya kifusi kinachokimbia, linatikiswa na kugongwa mpaka linapasuka kote, lakini kwa kuwa limebanwa pande zote vipande havipati nafasi ya kutawanyika. Lingerushwa angani lingeanguka vipande vipande, kila kimoja mahali pake. Na ule mchanganyiko wa kijivu, kisha chekundu, kisha cheusi, ni matabaka tofauti ya mlima mmoja yaliyoletwa pamoja bila mpangilio.

Kilima chako hicho kilikuwa juu. Unachimba Meru.

#7 MpandaMilima_AR
"Unachimba Meru." Mwalimu, hapa nimekaa kimya dakika nzima.

#8 Msafiri_Tacoma
Salaam kutoka jimbo la Washington, Marekani. Huku tuna Mount St. Helens, na nilipoutembelea mara ya kwanza nilihisi nimesimama Momella.

Tarehe 18 Mei 1980 asubuhi lilipita tetemeko la ukubwa wa 5.1, ubavu wote wa kaskazini ukateremka. Mlima uliokuwa mita 2,950 ukabaki 2,549. Kasoko yake imefunguka upande mmoja kama ya Meru, na ndani yake baadaye ukaota mwamba mpya. Chini kumejaa vilima vidogo vidogo. Watu 57 walikufa.

Sasa angalieni hili. Kule, kabla ya siku hiyo, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imepanda ndani kwa miezi miwili, ubavu ukavimba mpaka mita karibu mbili kwa siku. Ubavu ulipoteleza, magma ikapoteza kifuniko, ndipo ikalipuka kwa pembeni. Kwa hiyo "ulilipuka au ulibomoka" lilikuwa tukio moja: kubomoka ndiko kulikofungua mlipuko. Nadhani Meru ni hivyo hivyo. Magma ilisukuma.

#9 Udongo_na_Mvua
@Msafiri_Tacoma napinga kidogo. St. Helens imekuwa maarufu mpaka kila mlima uliomeguka unavishwa nguo yake. Ipo Bandai, Japani, Julai 1888. Ubavu wa kaskazini ulianguka kwa nguvu ya mvuke, magma mpya haikutoka. Kifusi kikaziba mito, yakazaliwa maziwa mengi chini ya mlima. Sasa tazama Momella: maziwa yamekaa juu ya kifusi, kwenye mabonde kati ya vilima, moja hapa, lingine pale, kila moja na rangi yake.

Halafu kumbukeni hali ya hewa. Miaka elfu nane iliyopita Afrika ilikuwa na mvua nyingi kuliko leo, hata Sahara ilikuwa na maziwa na nyasi. Mlima wenye majivu yaliyolowa, miamba iliyooza kwa joto na mvuke wa ndani, miteremko mikali. Kwangu mimi maji ndiyo yaliyoubomoa. Sihitaji magma hapo.

#10 KiboHalisi
Mvua inaangusha mlima? Rombo kunanyesha kila mwaka na Mawenzi bado umesimama.

#11 Mwl_Kasoko
@KiboHalisi, Mawenzi umesimama nusu. Una kilele cha mita 5,149 chenye meno meno, na upande wa kaskazini mashariki umefunguka kama kiatu cha farasi. Kilimanjaro ni volkano tatu: Shira ndiyo kongwe, ilianza kama miaka milioni mbili na nusu iliyopita, ikafuata Mawenzi, Kibo ndiye kitinda mimba. Mawenzi nao uliporomoka, tope lake likateremka upande wa Loitokitok.

#12 Loitokitok254
Hapo umetugusa. Huku kwetu ukichimba msingi wa nyumba unakutana na mawe ya mviringo yamekwama ndani ya tope gumu kama saruji. Fundi wangu alivunja mpini mbili za nyundo. Nilidhani ni mto wa zamani, kumbe Mawenzi.

#13 KiboHalisi
Basi nakubali, hilo sikulijua. Lakini kwetu sababu tunayo tangu zamani. Bibi alituambia Mawenzi alikuwa na uvivu wa kutunza moto wake. Kila ukizimika anakwenda kwa Kibo kuomba makaa. Siku moja Kibo akachoka, akachukua mchi aliokuwa akitwangia ndizi kavu, akampiga nao kichwani mpaka akawa na mapengo yale. Nimeisikia nikiwa na miaka sita na bado nikiutazama Mawenzi naona mchi.

#14 Mwl_Kasoko
Na moto wa Mawenzi kweli ulizimika kabla ya wa Kibo. Wazee walipanga vizuri.

#15 Ufa_wa_Mashariki
Naona mmeisahau sababu ya tatu, ardhi yenyewe. Tupo kwenye Bonde la Ufa. Mlima unaweza kuwa umelowa na umevimba, lakini lazima kitu kiutikise. Mnakumbuka 2007 Lengai ilipolipuka, Arusha tulitoka nje ya nyumba usiku? Mpaka Nairobi waliyasikia yale matetemeko. Mimi naweka kura yangu kwa tetemeko.

#16 Binti_wa_Monduli
@Ufa_wa_Mashariki naomba nikusahihishe. Matetemeko yale yalikuwa Julai 2007, lile kubwa la 5.9 tarehe 17, na kitovu chake kilikuwa upande wa Gelai. Lengai ulilipuka kwa majivu mwanzoni mwa Septemba. Ni mambo mawili yaliyofuatana. Nakumbuka kwa sababu Julai nilikuwa darasani Monduli, ubao ukacheza, na Septemba tulikuwa tumeshafungua shule tena baba akarudi kutoka Engaresero akisema ng'ombe hawana pa kula, nyasi zote zimefunikwa majivu.

#17 Ufa_wa_Mashariki
Asante dada, nimepokea. Lakini hoja inabaki: tetemeko la 5.9 limetokea machoni petu, na Gelai ambao pia ni volkano haukuporomoka.

#18 Udongo_na_Mvua
Sasa umenisaidia mimi. Tetemeko lilikuja, mlima ukabaki. Bila maji ndani hauanguki.

#19 Msafiri_Tacoma
Au bila magma.

#20 Nauliza_tu
Na lile shimo la Ngurdoto wanaloshusha nyati ndilo kipande kilichotoka Meru?

#21 MpandaMilima_AR
Hapana, hilo najua. Ngurdoto ni volkano nyingine, ndogo, yenye kasoko yake ya upana wa kama kilomita tatu, haihusiani na kuanguka kwa Meru. Nyati wanashuka wenyewe kwa njia zao, kuna kinamasi chini. Watu hatushuki, tunatazama kutoka ukingoni. Na ziwa Duluti pale Tengeru nalo ni kasoko ndogo iliyojaa maji.

#22 Mzee_wa_Nkoaranga
Wanangu, hamjambo. Mnaongea ya miaka elfu nane, mimi niongeze ya juzi.

Mama yangu mzazi alizaliwa kipindi cha Mjerumani. Alituhadithia kwamba akiwa mtoto anayebebwa mgongoni, mlima ulitoa moshi. Aliyasikia kwa mama yake. Asubuhi walikuta majani ya migomba yamelala, yameelemewa na vumbi la kijivu, wakawa wanayakung'uta moja moja kabla ya kukata ya ng'ombe. Waliambiwa wasiwape ng'ombe majani yasiyooshwa. Maji ya mfereji yalikuwa na utando. Haikuchukua siku nyingi, ikaisha. Wazee wakapeleka sadaka.

Mimi nina miaka 81. Hadithi hii nimewapa wajukuu wangu wote.

#23 Mwl_Kasoko
Shikamoo mzee. Hiyo inalingana na mlipuko wa mwisho wa Meru unaojulikana, mwaka 1910. Ulikuwa mdogo, wa majivu, kutoka Ash Cone. Kabla yake inatajwa pia miaka ya 1878 na 1886.

#24 Binti_wa_Monduli
Shikamoo babu. Nauliza kwa heshima, je, hayawezi kuwa majivu ya Lengai? Lengai ulimwaga majivu 1917, ukamwaga tena 1940 hadi 41, na 1966. Watu wengi wa Monduli wana hadithi kama hiyo na wote wanaelekeza kidole Lengai.

#25 MpandaMilima_AR
Huku kwetu upepo sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki. Majivu ya Lengai yangekwenda upande wa Serengeti, si Nkoaranga. Mimi namuamini mzee.

#26 Binti_wa_Monduli
Sehemu kubwa ya mwaka, si mwaka mzima. Mwaka wa kuzaliwa bibi ndio ungetuamulia.

#27 Mzee_wa_Nkoaranga
Marahaba wanangu. Kadi yake ya kanisa inasema alibatizwa 1912, akiwa mtoto anayetembea. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa. Na mama yake alisema moshi ulionekana mlimani, juu ya nyumba yao. Lengai hauonekani kutoka Nkoaranga.

#28 Ngarenanyuki_Wangu
Nimesoma uzi wote, na ninaona wote mnazungumzia mlima kama kitu cha kutazama. Wengine tunao mdomoni.

Nimezaliwa Ngarenanyuki. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia yenye madoa, ya mdogo wangu yamelika kabisa, na kuna kaka wa jirani yetu miguu yake ilipinda tangu mdogo. Nilipokwenda chuo, nje ya mkoa, nilisikia mtu nyuma yangu akisema yule dada hapigi mswaki. Napiga mara tatu kwa siku. Miaka miwili nilicheka na kiganja mdomoni. Nilipoomba kazi ya mapokezi hoteli moja, meneja aliangalia vyeti, akaangalia mdomo, akasema wataniita.

Ni maji. Kisima tulichokunywa tukiwa wadogo ni cha mlima huu. Kwa hiyo yeyote anayejua, aniambie kwa nini maji ya Meru yana haya na ya Marangu, kule Kilimanjaro, hayana kiasi hicho. Hilo ndilo swali langu la jiolojia.

#29 Mwl_Kasoko
Dada yangu, pole sana, na swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Miamba ya Meru na majivu yake yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo, na ina floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopita ndani yake yanaiyeyusha floraidi. Kwenye maji yenye kalisi ya kutosha, floraidi hushikana nayo ikatuama kama madini magumu. Huku kalisi ni chache, kwa hiyo floraidi inabaki ndani ya maji. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu kwenye majivu na kifusi, ndivyo yanavyobeba zaidi. Ngarenanyuki mmekaa juu ya kifusi kile kile cha @MchongaMawe, mlima uliosagwa. Kilichosagwa huyeyuka upesi kuliko mwamba mzima. Maziwa ya Momella, yasiyo na mto wa kuyatoa maji, yana floraidi ya mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi 1.5. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tulikubali mpaka 4.

Floraidi ikizidi huharibu meno yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, utotoni. Mswaki hauhusiki hata kidogo.

#30 Udongo_na_Mvua
Naongeza: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo yanazidi kuwa makali. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa vizuri. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilichofanyia kazi njia hiyo. Au maji ya mvua.

#31 Mama_Kikatiti
Na magadi jamani. Magadi tunayoweka kwenye maharage na makande yaive haraka nayo yana floraidi. Nimeacha tangu mwanangu wa pili. Maharage naloweka usiku.

#32 Ngarenanyuki_Wangu
Asanteni. La magadi sikulijua, na mama anaweka kila siku. Nampigia sasa hivi.

#33 KiboHalisi
Dada, samahani kwa utani wangu wa mwanzo, nilidhani tunashindana urefu tu.

#34 Loitokitok254
Turudi kwa mlima. Kwa hivyo Meru uko hai? Na Kibo?

#35 MpandaMilima_AR
Kibo nimefika mpaka ndani, kasoko ya Reusch. Kuna sehemu theluji haikai, ardhi ni vuguvugu, na harufu ya kiberiti inakukaa kooni. Mlipuko wake hakuna aliyeuona. Meru wa 1910 ni kama jana, mzee ametuonyesha.

#36 Msafiri_Tacoma
Huku kila mlima una vipimo vya matetemeko na GPS ya kuona ardhi ikisogea, mchana na usiku. Lengai umewekewa GPS kuuzunguka, nafurahi. Meru je? Arusha yote imelala chini yake, na safari hii kuna nyumba.

#37 Ufa_wa_Mashariki
Na ukuta wa magharibi ule uliobaki nao ni mrefu, umesimama wima kama mita 1,500 juu ya sakafu ya kasoko. Nikiulizwa cha kupima kwanza, ningeanza na huo.

#38 Udongo_na_Mvua
Na maji yaliyo ndani yake.

#39 Msafiri_Tacoma
Na magma chini yake 🙂

#40 MpandaMilima_AR
Wakuu, kesho napandisha kundi la watu sita. Nikiulizwa upande wa mashariki ulienda wapi, nitawageuza watazame nyuma, chini, kwenye vilima. Sababu nitawapa zote tatu. La kuuzidi Kilimanjaro nimeliacha.

@MchongaMawe, nikishuka Jumamosi naomba nipite kwako nione ule mwamba wenye nyufa. Naweza kuja na wageni?

#41 MchongaMawe
Karibu. Njooni kabla ya saa nne, jua likipanda vumbi linasumbua. Ule mkubwa nilishauvunja, ukaenda tripu mbili na nusu, ila nyuma yake kumetokea mwingine na sijaugusa. Nitauacha mpaka mfike.

#42 Ngarenanyuki_Wangu
Jumamosi nipo nyumbani. Naja na mimi.